Neno Lirudi: Mwongozo wa Kupima Kikao cha Hadithi cha Watoto Wadogo

Chimwaga, hapa Dodoma, inajulikana nchini kwa vikao vikubwa. Katika ukumbi wake Chama Cha Mapinduzi kilimpitisha Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, kilianzia kwenye eneo hilo hilo. Mwongozo huu unahusu kikao cha aina nyingine kabisa, ambacho nacho kinastahili kupangwa kwa uangalifu: watoto 10 au 12 wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, kila mmoja na mtu wake mzima, mkeka, vitabu viwili na dakika 25.

Nimemwandikia mkutubi anayetaka kuanzisha kikao kama hicho katika maktaba ya mkoa, ya chuo, ya shule au ya mtaa. Nimemwandikia pia mzazi wa mitaa ya Dodoma kama Ng'ong'ona au Iyumbu anayejiuliza kama kikao anachompeleka mwanawe kina maana. Kupamba chumba ni rahisi. Kujua kama kazi iliyofanyika humo ni nzuri kunahitaji jicho lililozoea, na jicho huzoea likijua mahali pa kutazama.

Kinachopimwa

Mtoto wa miaka miwili analishika neno kwa kulisikia likirudi. Akilisikia mara moja, limepita. Akilisikia kwenye wimbo, akaliona kwenye picha, akalifanya kwa mikono, akalitikisa ndani ya chupa, kisha akaliimba tena wakati wa kuaga, neno limekuwa lake, na jioni atalitamka nyumbani bila kuulizwa. Watu wazima tunachoshwa na marudio. Mtoto wa umri huo anayadai: kitabu kikifungwa tu, anasema "tena!"

Hapo ndipo mada inapofanya kazi yake. Mada inampa msimulizi nafasi ya kurudia neno lile lile kwa sura nyingi bila kikao kupoa. Isipofanya hivyo ni pambo tu. Kwa hiyo ukikaa pembeni kupima kikao, jiulize swali moja: ni neno gani lililorudi, na lilirudi kwa sura ngapi? Vipimo vyote vinavyofuata vinatoka kwenye swali hilo.

Kazi hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Mfumo wetu wa elimu unampokea mtoto darasa la awali akiwa na miaka kama 5. Kabla ya hapo yuko mikononi mwa mama, bibi, dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na ujifunzaji wa awali ni sehemu yake. Maktaba ni mojawapo ya sehemu chache za umma ambazo mtoto wa miaka miwili anaweza kuingia na mlezi wake bila ada ya shule wala sare. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Kizazi kile kilikuwa kikipigania watu wazima wajue kusoma. Kizazi hiki kinaweza kuanza na mtoto ambaye bado hajajua kuongea vizuri.

Mada iwe nyembamba, iwe ya msimu

Mada nzuri ina sifa tatu. Mtoto awe ameiona kwa macho yake siku za karibuni. Iwe na sauti au kitendo kinachoweza kufanywa na mwili. Na iwe nyembamba kiasi cha kutajwa kwa neno moja.

"Wanyama" ni mada pana mno. Msimulizi atapita kwa simba, tembo, kuku na samaki ndani ya dakika 20, na hakuna hata mmoja atakayerudi. "Mbuzi" ni mada. Mtoto wa Dodoma amemwona mbuzi njiani, amemsikia akilia, amejaribu kumfukuza. Mbuzi ana sauti, ana pembe za kuonyesha kwa vidole, anaruka, anakula. Neno moja linaweza kuzunguka kikao kizima.

Mada zinazoshindwa mara nyingi ni zile zinazomvutia mtu mzima. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, utakuta kikao chenye mada ya haki za mtoto, na mgeni amealikwa kueleza. Siku hiyo inakumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, na inastahili heshima yake. Lakini mtoto wa miezi 20 hana pa kulishikia neno "haki". Ukitaka kuiadhimisha pamoja naye, chagua mada ya "jina langu": kila jina liimbwe, kila mtoto apigiwe makofi kwa jina lake. Hilo analielewa, na nalo ni haki.

Uwanda wa kati una kipimo kingine ambacho mpangaji wa Dar es Salaam hakihitaji sana. Dodoma inapata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni miezi ya ukavu. Mtoto wa miezi 18 anayeletwa kwenye kikao cha "mvua" mwezi Oktoba amekaa theluthi ya maisha yake bila kuona mvua ya maana. Kwake mada hiyo ni hadithi ya nchi nyingine. Kikao hicho hicho kikipangwa Januari, ametoka kusikia bati likivuma usiku, na miguu yake ina matope.

Mpangaji mahiri ana kalenda. Januari na Februari ni mvua, chura, matope, na mbuyu uliojaa majani. Mei na Juni ni mtama na uwele, ndege wanaokula nafaka, kupepeta kwa ungo. Juni na Julai ni sweta na baridi ya asubuhi. Agosti na kuendelea ni upepo na vumbi, na mbuyu huo huo sasa hauna jani hata moja. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mada ya zabibu ina nafasi mbili. Treni haina msimu: reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na treni ya umeme ya SGR inafika tangu 2024, kwa hiyo bibi na mjukuu kila mmoja ana sauti yake ya treni ya kuigiza, na kikao kinaweza kutumia zote mbili. Ukimuuliza mkutubi kwa nini amechagua mada ya wiki hii, na jibu lake likaanza na jambo lililoko nje ya dirisha, uko mahali pazuri.

Kitabu kisomwe kwa sauti kabla ya kuchaguliwa

Shika kitabu mbele ya kifua, mwambie mwenzako arudi nyuma hatua sita. Kama haoni picha inahusu nini, kitabu hicho ni cha kusomwa mapajani, hakifai mkekani. Picha moja kubwa kwa kurasa mbili ni bora kuliko picha sita ndogo. Sentensi moja au mbili kwa ukurasa zinatosha. Karatasi ngumu zinavumilia mikono na mate.

Kisha kisome kwa sauti peke yako. Sikio ndilo linalohukumu Kiswahili cha watoto. Linganisha sentensi hizi mbili nilizozitunga kwa ajili ya mfano. Ya kwanza: "Baada ya chura kutoka nje, yeye aliamua kuruka kuelekea kwenye maji." Ya pili: "Chura akatoka. Chura akaruka. Chura akaingia majini: chubwi!" Ya kwanza ina taarifa zote, lakini haina mahali pa mtoto kuingia. Ya pili ina mwendo. Kila kitenzi kinaanza kwa mdundo ule ule, jina linarudi mara tatu, na mwisho kuna sauti ambayo mtoto ataisubiri safari ijayo.

Kiswahili ni tajiri kwa tanakali za sauti, na kwa umri huu ndizo dhahabu ya kitabu. Kitu kinaanguka majini chubwi, mzigo unaanguka chini pu, maji yanadondoka ndo ndo ndo. Mtoto ambaye hajaweza kusema "maji" anaweza kusema "ndo". Kwa hiyo ukipitia rafu kutafuta kitabu cha kikao, tazama kwanza kama kina sauti za aina hiyo na kama kina kiitikio, yaani maneno yale yale yanayorudi kila baada ya ukurasa mmoja au miwili. Kitabu kisicho na kiitikio si kibaya, lakini msimulizi itabidi akitengenezee chake, na aliyejiandaa atakuwa amekiandika kwa penseli kabla ya siku yenyewe.

Vitabu vinapatikana. Mwaka 1991 ulitupatia Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania na pia kampuni ya Mkuki na Nyota, na tangu wakati huo hadithi za Kiswahili za watoto zilizochapwa hapa nchini zimeongezeka. Asiye na bajeti aingie kwenye African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliofungua tovuti yake mwaka 2014. Humo kuna hadithi nyingi za picha, za Kiswahili zikiwamo, zinazoruhusiwa kuchapishwa na hata kubadilishwa bila malipo. Ichape kwa karatasi ya A3, igandishe kwenye kadibodi, na maktaba imepata kitabu kikubwa cha mkekani. Jambo moja lizingatiwe: nyingi ya hadithi hizo zimetafsiriwa. Zipitishe kwenye kipimo cha sikio, na pale Kiswahili kilipokakamaa, kilegeze.

Kikao cha mvua, hatua kwa hatua

Tuchukue kikao kimoja na kukitazama kwa karibu. Ni Januari, saa nne asubuhi, wakati watoto wameshakunywa uji na usingizi wa mchana bado uko mbali. Mada ni mvua. Neno la kurudi ni "ndo".

Dakika tatu za kwanza ni wimbo wa kufungua, ule ule wa kila wiki, na ndani yake kila mtoto anatajwa kwa jina. Msimulizi anaweza kuanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na bibi wa Kigogo aliyekaa nyuma akajua mara moja kwamba hapa ni kwake pia. Kisha wito: "Paukwa!" na jibu "Pakawa!" Hapa sikiliza vizuri. Watoto wa umri huu hawatajibu wiki ya kwanza. Wanaopaswa kujibu ni watu wazima, kwa sauti. Wakijibu, watoto watawageukia kuwatazama midomo, na huo ndio mwanzo wa wao kujibu.

Kitabu cha kwanza ni kirefu kuliko cha pili. Mpangilio huu una sababu: nguvu ya kusikiliza iko mwanzoni. Dakika tano zinatosha, na kiitikio kirudi si chini ya mara tano.

Halafu kitabu kinawekwa chini, na mvua inahamia vidoleni. Msimulizi anagonga mkeka kwa kidole kimoja: ndo. Ananyamaza. Ndo. Ananyamaza tena. Kisha vidole viwili, kisha vyote kumi, ndo ndo ndo ndo. Kisha viganja, mvua kubwa sasa, mkeka unanguruma. Kisha miguu. Kisha, ghafla, mikono juu: "Imekatika!" Wote kimya. Halafu kidole kimoja: ndo. Katika dakika tatu mtoto amepata polepole na haraka, ndogo na kubwa, kuanza na kukoma, na neno limepita kwake mara nyingi kuliko anavyoweza kulisikia nyumbani kwa wiki. Mtoto wa miezi 13 yuko mapajani, mama anaugonga mkono wake kwenye mkeka. Mwenye miaka miwili na nusu anapaza sauti "Imekatika!" kabla ya msimulizi. Wote wawili wamo katika kikao kimoja, kila mmoja kwa kadiri yake.

Kitabu cha pili ni kifupi, dakika tatu, na kina mvua kwa namna nyingine: labda kuku anayejificha chini ya ghala. Baada yake kila mtoto anapewa chupa ndogo ya plastiki yenye punje za mtama, zote za rangi moja ili pasiwe na ugomvi. Tikisa polepole, mvua ndogo. Tikisa kwa nguvu, mvua kubwa. Imekatika. Chupa zinarudi kwenye kikapu kwa wimbo wake. Wimbo wa kuaga, ule ule wa kila wiki, unafunga kikao. Baada ya hapo kuna dakika 20 za kucheza: beseni la maji kidogo, vikombe, na mtu mzima aliyewekwa hapo kazi yake ikiwa ni kutazama beseni hilo tu.

Hesabu sasa sura za neno: kitabu, vidole, kitabu cha pili, chupa, maji halisi. Tano. Kikao chenye sura nne au zaidi ni kizuri. Chenye mbili ni usomaji wa kitabu uliopambwa.

Maktaba za Marekani zimeufupisha ujuzi huu katika mambo matano ambayo mlezi anahimizwa kuyafanya na mtoto: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Kikao cha mvua kinayo yote, hata kuandika, kwa sababu mtoto anayechora mistari ya mvua kwa kidole juu ya tope la nje ameanza kuandika. Tumia orodha hiyo kama ukaguzi wa haraka baada ya kupanga. Ukikuta kuimba kumekosekana, rudi mezani.

Msimulizi

Msimulizi hodari unamjua kwa kunyamaza. Anapofika kwenye kiitikio anasimama, anawatazama watoto, anasubiri. Kwa mtu mzima kimya hicho ni kirefu mno. Kwa mtoto anayetafuta neno kichwani mwake, ndio muda anaouhitaji. Anayejaza kila kimya kwa sauti yake anafanya onyesho zuri, na watoto wanabaki watazamaji.

Tazama maswali yake. "Kwa nini kuku amejificha?" ni swali la darasani. "Kuku yuko wapi?" ni swali la mkekani: mtoto asiyejua kusema anaweza kunyoosha kidole, na jibu hilo ni kamili. Kisha tazama anachofanya na jibu. Mtoto akisema "kuku", msimulizi mzuri anaongeza kidogo: "Ndiyo, kuku mweupe amelowa." Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 1988 utafiti kuhusu usomaji wa namna hiyo, ambapo mtu mzima anauliza, anasikiliza na kuurefusha usemi wa mtoto, na watoto wa wazazi waliofundishwa kusoma hivyo walisonga mbele kwa lugha kuliko wengine. Bibi zetu walikuwa wakiwafanyia wajukuu hivyo mafigani bila jina. Maktaba inapaswa kufanya hivyo kwa makusudi.

Tazama pia anavyomchukulia mtoto anayeinuka na kutembea. Katika umri huu kutembea ni namna ya kusikiliza. Msimulizi anayesema "Kaa chini!" kila baada ya dakika amekosea umri. Aliyejipanga ameshaweka kitendo cha kusimama kila baada ya kitabu, na mtoto anayezurura anakuta wenzake nao wamesimama.

Walezi

Kama una dakika mbili tu za kukagua kikao, tazama walipokaa watu wazima. Wakiwa kwenye viti nyuma, simu mkononi, kikao kimeshapoteza nusu ya thamani yake, hata msimulizi awe hodari vipi. Wakiwa mkekani, mtoto kati ya miguu yao, wakiimba, basi kinachofanyika hapa kitafanyika tena nyumbani. Msimulizi anakutana na mtoto dakika 25 kwa wiki. Dada wa kazi, mama au bibi anakaa naye siku nzima.

Namna ya kuwaita ina uzito wake. Mkutubi kijana hawezi kumwamuru bibi akae chini mbele ya watu. Anaweza kumwendea kabla ya kikao, amwamkie, na amwombe msaada: "Shikamoo bibi. Leo tunaimba mvua. Kuna wimbo wa kwenu wa kumbembeleza mtoto, utatusaidia?" Bibi aliyeombwa wimbo wa Kigogo au wa Kirangi hakai nyuma tena. Na mtoto anajifunza kwamba lugha ya nyumbani ina nafasi maktaba. Kikao kinachomfanya mtoto aone haya ya lugha ya bibi yake kina kasoro kubwa, hata kama kila kitu kingine kimekwenda sawa.

Mada ya ngoma inaonyesha hili vizuri. Ugogoni ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, kwa hiyo pengine katika wale walezi waliokaa mkekani kuna anayejua mdundo wake kuliko mkutubi. Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki wa Kigogo, zeze na marimba yake, kwenye majukwaa ya dunia. Kikao chetu hakihitaji jukwaa. Kinahitaji ngoma moja halisi ambayo kila mtoto ataigusa ngozi yake na kuipiga kwa zamu, na mama mmoja anayejua kuipiga.

Chumba na vidude

Ukumbi mkubwa haufai. Sauti inapotea na mtoto anapata uwanja wa kukimbia. Tafuta kona, izungushie rafu fupi au viti vilivyogeuzwa, tandika mkeka. Kipaza sauti kiachwe. Kikao kinachohitaji kipaza sauti kina watoto wengi mno.

Usalama ni sehemu ya ubora. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni. Mbegu za ubuyu, karanga na punje zisizofungwa zisiwepo mkekani. Kifuniko cha kila chupa ya mtama kigandishwe kwa gundi, na mkutubi aijaribu kwa meno na mikono yake kabla ya siku. Hapa Dodoma zabibu zinastahili onyo la pekee: zabibu nzima inaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Kwenye mada ya zabibu, kila moja ikatwe vipande vinne kwa urefu, mbegu ziondolewe, na mtoto ale akiwa amekaa. Nikiona bakuli la zabibu nzima katikati ya watoto, sihitaji kuona zaidi ili kujua kikao kimepangwaje.

Kasoro zinazojificha

Kuna makosa yanayopendeza kwa macho, na hayo ndiyo magumu kuyaona. La kwanza ni wingi. Vitabu vinne, nyimbo sita, ufundi wa kukata na kubandika: kila kitu cha mada, na hakuna kinachorudi. La pili ni runinga. Katuni za Kiswahili za shirika la Ubongo kama Akili na Mimi ni kazi nzuri na zina mahali pake nyumbani, lakini runinga haimsubiri mtoto amalize neno lake. La tatu ni somo la maadili lililobandikwa mwishoni. Hadithi ya kuku aliyelowa haihitaji kumalizika kwa mahubiri ya utii.

La nne ni mtihani. "Sema herufi gani hii? Hesabu mpaka kumi!" Mzazi anayefurahia kusikia hesabu anaona mtoto amefundishwa. Mtoto aliyeshindwa kujibu mbele ya watu amefundishwa jambo jingine, na wiki ijayo ataling'ang'ania bega la mama yake mlangoni. La tano ni picha za simu. Kikao kinachosimama ili wageni wapigwe picha kimebadilisha mwenye kikao.

Kipimo cha wiki ya pili

Hukumu ya mwisho hupatikana siku saba baadaye. Rudi kikao kinachofuata na utazame. Je, watoto wanatambua wimbo wa kufungua? Je, mlezi anasimulia kwamba mtoto aligonga meza nyumbani na kusema "ndo"? Je, vitabu viwili vya wiki iliyopita viliazimwa? Mtoto aliyesimama mlangoni wiki ya kwanza, amesogea?

Kuna jambo moja ambalo wapangaji wengi wanaliogopa, nami nalipima kuliko yote: kurudia mada ile ile, na kitabu kile kile, wiki ya pili. Wanahofia wazazi wataona uvivu. Wiki ya kwanza mtoto anakisikia kitabu. Wiki ya pili anakisema. Kikao cha pili cha mvua kina kelele zaidi na vicheko zaidi, kwa sababu sasa watoto wanajua kinachokuja na wanataka kukifikisha wao wenyewe. Waeleze wazazi sababu hiyo waziwazi, mwanzoni mwa kikao, nao wataelewa. Kwa mpango huo mada 24 zinatosha mwaka mzima, na kila moja itapata muda wa kuandaliwa vizuri.

Kwa hiyo ukiombwa ushauri na maktaba yenye fedha kidogo na mkutubi mmoja, usianze na rangi za ukuta. Mwambie achague neno moja linalotoka kwenye msimu ulioko nje, alitafutie sura nne, awaombe walezi washuke mkekani, na arudie kikao hicho hicho wiki ijayo. Maktaba yoyote ya uwanda huu inaweza kuyafanya hayo kuanzia wiki hii.